Dungu la Lupakisyo

Daktari alisema maneno yake polepole, kama mtu anayemnywesha mgonjwa uji wa moto.

"Mzee wangu, uvimbe tumeuona. Ni saratani, na ipo kooni, chini kidogo ya pale sauti inapotokea. Kama bado ipo hapo na kwenye tezi za shingo tu, tunakupeleka Dar ukachomwe mionzi na kuwekewa dawa za dripu. Tutapambana nayo. Lakini ikishatoka hapo ikaingia kwenye mifupa, mzee, hapo haiponi. Tutakachofanya ni kukupunguzia maumivu." Akaweka kalamu chini. "Kuna mahali pengine panapouma? Mgongo? Nyonga? Mbavu?"

Babu yangu Lupakisyo alikuwa amekaa wima kwenye kiti cha plastiki, mikono magotini. Akatikisa kichwa. Sauti yake wakati huo ilikuwa imebaki mkwaruzo tu, kama mchanga unaomwagwa juu ya bati.

"Ni koo tu, daktari."

Bibi Raheli alimgeukia akamtazama. Mimi nilitazama sakafu. Asubuhi ile tulipotoka Mikumi kwa basi kuja Morogoro, nilikuwa nimekaa kiti cha nyuma yake. Barabara inapita katikati ya hifadhi, na wameweka matuta mengi ili magari yasigonge wanyama. Kila tuta lilipokaribia, babu alishika kiti cha mbele kwa mikono miwili akajiinua. Basi likishalivuka anakaa tena taratibu, kama kuku anayeatamia mayai. Anayeumwa koo hafanyi vile.

Daktari yule, mama mmoja mnene mwenye subira, hakumwachia hapo. Akamuuliza kama anavuta sigara.

"Kidogo."

"Kidogo!" bibi akadakia. "Daktari, huyu hata kanisani anatoka mahubiri yakiwa katikati. Mchungaji ameshazoea, anamsubiri arudi ndipo asome matangazo."

"Na pombe, mzee?"

"Ya kufukuza baridi tu. Dunguni."

"Ni gongo," bibi akasema. "Sema gongo, mwenzako anataka kukutibu."

Daktari akaandika. Akasema sigara peke yake ni hatari na pombe kali peke yake ni hatari, lakini zikikutana kwenye koo moja kwa miaka mingi, moja inaifungulia nyingine mlango. Kisha akasimama nyuma ya babu akamshika shingo kwa vidole, upande huu na upande ule.

"Hizi tezi zimevimba tangu lini?"

"Palizi ya mwaka jana."

"Zote mbili?"

"Ilianza ya kulia."

Daktari alirudi kitini. Akasema tezi zikishakuwa ngumu hivi, tena pande zote mbili, ina maana ugonjwa umeshapata njia ya kutembea. Ndiyo maana anamuuliza habari za mifupa. Akauliza kwa mara ya pili. "Mgongo hauumi kabisa?"

"Hauumi."

Tukapewa tarehe ya kwenda Dar kupigwa picha za mwili mzima, tukarudi nyumbani. Kwenye matuta nikamwona tena.

Nitaeleza alivyokuwa kabla, maana aliyemwona mwaka huu hawezi kumjua. Baba yake alitoka Tukuyu kuja kukata mkonge Rudewa, akaoa hukohuko, hakurudi tena kwao. Babu alizaliwa kambini. Mkonge ulipokufa yeye alikuwa kijana, akahamia Ruhembe kukata miwa. Miwa huchomwa moto kwanza ndipo ikatwe, kwa hiyo mkataji anashinda ndani ya masizi tangu alfajiri. Alikuwa akisema sigara ndiyo iliyokuwa inamsafisha kifua. Alianza kuvuta akiwa mdogo kuliko mimi sasa, tumbaku ya kusokota kwenye gazeti, maana za pakiti zilikuwa za manyapara. Miaka mingi baadaye akapata shamba huku Mikumi, kwenye ukingo wa hifadhi, mahali ambapo wengine walikataa kulima kwa sababu ya tembo. Yeye akasema tembo ni jirani kama jirani mwingine, ni suala la kuelewana.

Na alielewana nao kwa sauti. Sijui niielezeje sauti ile. Haikuwa ya kupiga kelele. Ilitoka chini, ikaenda mbali bila haraka. Mahindi yakianza kubeba, kila mwenye shamba hujenga dungu, yaani jukwaa la miti lenye paa la nyasi, akalala juu yake kulinda. Mashamba yetu yametenganishwa na korongo pana. Upande wa barabarani yupo Mzee Nikolaus, katikati tupo sisi, ng'ambo ya korongo yupo Mzee Yared na wengine mpaka mtoni. Desturi ni kwamba mwito unapokezanwa. Nikolaus anaanza: "Dungu la Lupakisyooo!" Babu anajibu: "Machooo!" maana yake yuko macho. Kisha anauvusha yeye: "Dungu la Yared!" Na Yared anapokea, anaupeleka mbele. Hakuna mwingine aliyeweza kulivuka korongo kwa mdomo. Nikolaus alijaribu siku babu aliposafiri kwenda msibani, akaishia kukohoa.

Sheria yao ni moja tu: mwito usiojibiwa unafuatwa. Ukiita dungu lisijibu, unashuka na kurunzi yako unakwenda kumwona mwenzako. Huenda amelala, huenda ameumwa na nyoka, huenda tembo wameliangusha.

Tembo wenyewe babu hakuwatukana hata siku moja. Watu walikuwa wanacheka. Akiwaona wametokeza anasema kwa sauti ile ile, "Shikamoo mkubwa. Hapa si kwako leo. Pita kwa huko juu." Na mara nyingi walipita. Wasipopita ndipo anapiga debe na kuwasha matofali.

Matofali ni haya tuliyofundishwa na watu wa wanyamapori, ya kinyesi cha tembo kilichokandwa na pilipili kichaa. Ukiyachoma, moshi wake tembo hawautaki. Na sisi hatuutaki, lakini tutafanyaje. Msimu wa mahindi kila mtu huku kwetu ana koo bovu. Kanisani kwaya inaimba kama vyura. Tunaliita koo la pilipili, na linaisha mavuno yakiisha.

Kwa hiyo babu alipoanza kukwaruza sauti, msimu wa mwaka juzi, nani angeshtuka? Yared alimtania tu. Wao ni rika moja, na hawajawahi kusalimiana bila kutukanana.

"Lupakisyo, siku hizi unaita kama mtu anayemtongoza mke wa jirani, mume asisikie!"

"Mkeo ndiye aliyenifundisha kunong'ona hivi," babu akamjibu.

"Basi angekufundisha na kuoga!"

Wakacheka wote wawili. Babu akacheka mpaka akashika shingo.

Mavuno yakaisha, moshi ukaisha, koo halikuisha. Bibi akampeleka zahanati, wakampa vidonge vya kutafuna na vya kumeza. Halafu watu wakaanza kusema ni kimeo. Kimeo ni kile kinyama kinachoning'inia nyuma kabisa ya ulimi. Huku kwetu mtoto akikohoa sana wanasema kimeo kimerefuka, kinagusa koo, na kuna wazee wanaokikata. Mashuhuri wao ni Mzee Fortunatus wa Ruhembe. Nilikwenda nao siku bibi alipompeleka babu kwake, nikabeba jogoo wa malipo.

Fortunatus alimkalisha babu juani, akamkandamizia ulimi kwa mwiko.

"Fungua. Zaidi. Mh! Lupakisyo, ulikuwa unawameza hao tembo nini? Koo kama handaki!"

Alitumia kisu kidogo kilichopindwa ncha. Ilikuwa mara moja tu, krr. Babu akainama akatema damu kwenye kopo. Fortunatus akaweka kile kinyama juu ya jani la mgomba akatuonyesha kama mtu aliyemkamata panya.

"Mwizi wa sauti ndiye huyu. Mwezi ukiandama, mwenye sauti yake atarudi."

Tulirudi nyumbani tumefurahi. Bibi alipika wali. Babu alikaa bila kusema kama alivyoagizwa, akitabasamu kwa macho tu, na jioni akaniita kwa mkono akanionyesha kiberiti. Nikamwashia sigara yake. Ni mambo ya kawaida, kila siku nilimwashia.

Mwezi uliandama, na mwingine ukaandama. Kwenye palizi shingo ikaota uvimbe upande wa kulia, hauumi, mgumu kama kokwa ya embe. Wakasema ni mtoki. Halafu akaanza kukonda. Ugali ukawa haupiti, akawa anausukuma na maji. Wakasema ni mawazo. Halafu mgongo. Huo hakuusema kwa mtu, lakini tunaishi nyumba moja. Alikuwa akitaka kuinuka anashika kwanza mlango. Viatu alianza kuvaa vya kutumbukiza mguu, vya kufunga kamba akamwachia mtoto wa Nikolaus. Siku moja bibi alimkuta ameegemea mti wa mpapai, jasho linamtoka, akamuuliza.

"Mgongo wa dungu huu," babu akasema. "Nani hapa hana mgongo wa dungu?"

Na ni kweli, wote wanao. Ukilala juu ya miti msimu mzima, mgongo unakudai. Bibi Joha wa huku jirani akaja na pembe zake akamuumika, akatoa damu nyeusi, akasema uchovu wote umetoka. Kila kilichompata babu tayari kilikuwa na jina kijijini. Sidhani kama kuna mtu alifanya uzembe. Majina yalikuwepo, tukayatumia.

Alipofika kwa yule daktari wa Morogoro, kumeza hata chai ilikuwa kazi. Na sasa alikuwa ameambiwa kwa mdomo kwamba yote yanategemea mifupa.

Jioni ya siku ile tuliporudi, bibi alimfuata nje alikokaa.

"Kwa nini hukumwambia mgongo?"

Babu akatazama upande wa shamba.

"Baba Tumwagile, nakuuliza wewe." Tumwagile ndiye mama yangu, kifungua mimba wao.

"Ukimwambia anaandika," babu akasema. "Akishaandika, Dar hawanipokei. Watasema huyu ameshaoza, rudisheni."

"Sasa wewe unamficha daktari au unaificha saratani?"

"Ni mgongo wa dungu, Raheli."

"Haya. Uwe wa dungu basi. Mungu akusikie."

Bibi akaingia ndani. Babu akaniona nimesimama na ndoo, akanikonyeza. Tangu utoto wangu alikuwa akiniita mke mdogo, kama mababu wanavyowatania wajukuu zao. "Mke mdogo," akanong'ona, "wewe unaonaje? Ni wa dungu?"

Nikasema, "Ni wa dungu, babu." Ningesema nini kingine? Alikuwa anataka nyumba nzima tuseme hivyo, labda ungekuwa hivyo kweli.

Tarehe ya Dar ilikuwa bado, na mahindi yalikuwa yamebeba. Bibi alimkataza kupanda dunguni, akakataa kukatazwa. Alisema mwito ukifika kwetu ukakuta kimya, Nikolaus atakuwa anashuka kila mara kumfuata maiti asiye maiti. Mara mbili ilishatokea kabla. Nikolaus aliita, babu akajibu kwa sauti yake ile ya mchanga, isifike, mwenzake akaja mbio na mkuki gizani akamkuta amekaa anavuta. Ndipo walipokubaliana: babu atajibu kwa debe. Mapigo matatu ni "macho." Kisha matatu mengine yenye nguvu kwa ajili ya Yared ng'ambo.

Kwa hiyo jioni alipanda. Ngazi ina vidato vichache tu, lakini alipumzika kwenye kila kimoja, uso kwenye kidato cha juu yake. Jua lilikuwa bado halijazama vizuri. Mimi nilikuwa chini nawasha tofali. Tembo watatu walitokeza mapema kuliko kawaida, wakasimama kwenye majani marefu wakinusa. Babu aliwaona. Niliona midomo yake ikitikisika, nadhani aliwaamkia. Hawakusikia kitu, wakasogea.

Nikolaus naye aliwaona toka kwake. "Dungu la Lupakisyooo!"

Babu akashika rungu, akapiga debe. Moja. Mbili. Kwenye la tatu nilisikia mlio mwingine, mkavu, kama muwa unaovunjwa gotini. Debe likaanguka chini karibu nami. Nikadhani mti wa dungu umekatika. Nikatazama juu.

Babu alikuwa amekaa vilevile, anautazama mkono wake wa kulia. Kati ya bega na kiwiko ulikuwa umepinda mahali ambapo mkono haupindi. Mdomo wake ulikuwa wazi, analia kwa nguvu zake zote, na hakuna kilichosikika.

"Lupakisyooo!" Nikolaus akaita tena. Kimya. Nikasikia anakuja, anapiga mayowe njia nzima, na Yared naye, aliyewaona tembo bila kusikia debe letu, anavuka korongo kutoka kule. Mwito ulifuatwa kama ilivyo sheria. Walimshusha wakiwa wamembeba mgongoni. Tembo walikula kipande cha chini chote, hakuna aliyewaangalia.

"Umeanguka?" Yared akamuuliza. Babu akatikisa kichwa.

"Kuna kitu kimekupiga?"

"Amepiga debe tu," nikasema.

Yared aliushika ule mkono kwa viganja viwili, kama mtu aliyepewa mtoto mchanga. "Mfupa wa mtu mzima hauvunjiki kwa kupiga debe," akasema. Hakumtania. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akiongea na babu bila tusi, na nadhani hapo ndipo babu alipoogopa.

Hospitali ya hapa Mikumi walimpiga picha ya mkono. Daktari, kijana mmoja aliyemwita babu "mzee wangu" kila baada ya maneno mawili, aliishika ile picha kuelekea dirishani. Hata mimi niliona. Mfupa ulikuwa na vitundu vitundu, ukingo wake umelika, na mahali ulipovunjika ulikuwa mwembamba kama ganda. Daktari akaanza kutafuta maneno. Babu akamtangulia. Miaka yote alikuwa akihifadhi mahindi, mdudu anayeyatoboa alimjua, hakuhitaji kuelezwa.

"Dumuzi," akanong'ona.

Daktari akashusha picha. "Ndiyo, mzee wangu. Ni kama dumuzi. Anakula ndani, nje huoni."

Babu akainamisha kichwa. Halafu akasema mwenyewe, bila kuulizwa, "Na mgongo unauma. Tangu masika. Na nyonga hii ya kushoto. Na hapa kifuani, nikikohoa."

Bibi Raheli alifunika uso kwa kanga. Alikuwa ameshajua, lakini kujua na kusikia ni vitu viwili.

Dar tulikwenda hivyo hivyo, tarehe ilipofika, mkono ukiwa umefungwa kifuani. Basi mpaka Morogoro, na pale kwenye matuta Yared, aliyetusindikiza, alimkumbatia babu kwa nyuma akamwinua kila tuta lilipokuja, kama anavyoinuliwa mtoto asilowe. Babu hakujificha tena. Morogoro tukapanda treni ya umeme. Babu alikuwa hajawahi kuipanda. Ilipokwenda akatazama nje, akatazama chini, akaninong'oneza, "Mke mdogo, hii haina matuta." Akalala mpaka tulipofika. Katika safari nzima ile, hiyo ndiyo raha pekee ninayoikumbuka.

Picha za Dar zilisema yaleyale, ila kwa urefu. Uti wa mgongo, nyonga, mbavu, mkono. Na mapafu nayo. Mama yangu Tumwagile alikuja kutoka kazini Ruhembe ili awe mtu wa kuuliza maswali, na aliuliza. Aliuliza ingekuwaje kama tungekuja mapema.

"Sauti ikikwaruza wiki tatu bila kupona, ndiyo kengele," daktari wa huko akasema. "Kengele ya koo hulia mapema kuliko za saratani nyingi. Angekuja wakati ule, tungekuwa tunaongea mengine." Hakusema kwa kulaumu. Alisema kama mtu anayesoma saa.

"Tulidhani pilipili," bibi akasema.

Daktari hakuelewa, na hakuna aliyemweleza.

Walimchoma mionzi mara moja mgongoni na mara moja mkononi, ili maumivu yapungue. Babu akauliza kuhusu sauti. Daktari akasema haitarudi. Akauliza kama atapanda ngazi. Daktari akauliza ngazi ya ghorofa ngapi, babu akaanza kucheka bila sauti, mabega yanatikisika, mpaka maumivu yakamkataza. Wakatupa dawa ya maji ya kutuliza maumivu, mofini, tukarudi.

Miguu iliondoka kabla ya mvua. Asubuhi moja alitaka kuteremka kitandani, miguu ikabaki. Alijifinya paja, akanitazama, akajifinya tena. Tangu hapo alikuwa wa kulishwa uji mwembamba na wa kugeuzwa, nami nilijifunza kumgeuza pamoja na bibi kwa shuka, maana ukimshika vibaya mbavu zinaweza kukatika. Nikimpa kijiko cha dawa alikuwa akisema "ndaga," asante ya kwao Tukuyu, mahali ambapo hakuwahi kufika. Alisema kwa midomo tu. Sigara hakuiomba tena. Pakiti ilikaa dirishani mpaka ikapauka.

Shamba hakulilinda mtu. Bibi na mimi tulikuwa naye, mama yupo Ruhembe. Jioni Nikolaus aliendelea kuita, "Dungu la Lupakisyooo!" na kimya chetu kikawa kinajulikana. Sheria inasema kifuatwe, kwa hiyo alikuwa anakuja, anasimama mlangoni, "Shemeji, hodi, mmeshindaje," anamtazama babu, anarudi. Kila jioni. Babu alikuwa akiusikia ule mwito anajikaza shingo, kama anataka kuinuka. Mwito ukiishia kwetu, ng'ambo hakuna aliyejua kama upande huu wako salama. Tembo wakaingia kwa Yared siku mbili bila yeye kuambiwa.

Halafu ikaja jioni ambayo Nikolaus hakuita. Tulisikia filimbi. Filimbi ya refa, kali, mara tatu. Na baada ya muda kidogo, kutoka ng'ambo ya korongo, filimbi nyingine ikajibu mara tatu. Bibi alikuwa anakoroga uji, akaacha kukoroga. Mwito ulikuwa umeturuka.

Babu alibaki anatazama paa.

Kesho yake mchana Yared alikuja kumwona. Alikaa kwenye kigoda, akaanza habari za mvua na bei ya ufuta. Kamba nyekundu ilikuwa inaonekana kwenye ukosi wa shati lake, na kila mara alikuwa anaifunika kwa mkono. Babu akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto.

"Nini?" Yared akasema.

Kidole kikabaki kimenyooka.

Yared akaitoa. Ilikuwa filimbi ya plastiki ya kijani. "Ni wazo la Nikolaus," akasema. "Si kwamba... Tembo wameniingilia, Lupakisyo. Mara mbili."

Babu akaipokea, akaigeuza, akaiweka mdomoni. Akavuta pumzi, tukaona mbavu zote. Akapuliza. Kile kipira cha ndani hakikutikisika hata kidogo. Akapuliza tena. Ilitoka hewa tu, kama ya mtu anayepuliza chai. Akaifuta kwa shuka, akamrudishia.

Yared alisogeza sikio lake mpaka midomoni mwa babu ili asikie alichokuwa anasema. Nami nilikuwa karibu, nikasikia.

"Inavuka vizuri," babu alisema. "Msinifuate tena."

Yared akajaribu. "Wewe mzee, ungekuwa unaoga ungepona zamani," akasema, lakini hakuweza kumalizia, akatoka nje akasimama nyuma ya nyumba, akiwa ameshika ukuta.

Babu aliishi zaidi ya hapo, siwezi kusema kwamba alikufa siku ile. Aliishi jioni nyingi. Filimbi ilikuwa inalia upande huu, inajibiwa upande ule, na bibi alikuwa anainuka kufunga mlango ili babu asisikie, naye anatikisa kidole uachwe wazi. Alikuwa anasubiri mpaka Yared ajibu, ndipo anafumba macho.

Alikufa mchana, bibi akimpangusa miguu. Siku ya msiba kuni zilikuwa zimelowa kwa mvua yote ile, hazikuwaka. Nikolaus na Yared walikwenda shambani wakaliangusha dungu. Miti yake ilikuwa mikavu kwa kukaa chini ya paa na kupakwa moshi wa pilipili, ikashika mara moja. Ndiyo iliyopikia watu, na wote waliokaa karibu na jiko walikuwa wanakohoa.